Daktari Kyaruzi na uhamisho wa Nzega

Hapa Elerai ukiuliza nani alikwenda Umoja wa Mataifa kudai ardhi ya Wameru, utaambiwa Kirilo Japhet, 1952. Sawa kabisa. Ila leo nawaletea daktari wa Bukoba, marehemu Vedasto Kyaruzi.

Alisomea udaktari Makerere, akaajiriwa na serikali ya Mwingereza. Si angetulia tu na mshahara wake? Mwaka 1950 akawa rais wa TAA, katibu wake Abdulwahid Sykes, Mwislamu wa Dar es Salaam. Kamati yao ya siasa ikamwandikia Gavana Twining juu ya katiba. Serikali haikumfunga. Ilimpa uhamisho: kwanza hospitali ya gereza la Kingolwira, Morogoro, halafu Nzega, mbali kabisa na wenzake.

Hapo huwa natafakari sana. Kumtibu mfungwa ni Mathayo 25 yenyewe, wala si adhabu. Lakini waliomhamisha walikusudia kumnyamazisha. Na wagonjwa wa Nzega nao walihitaji daktari, jamani.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, yeye hayupo mezani. Desemba 1961 Tanganyika huru ilipoingia Umoja wa Mataifa, ikamtuma New York kuwa balozi wake wa kwanza huko.