Mke wa Jenerali Anayelala Nyeri

Kila ifikapo tarehe 22 Februari, wasichana wa Girl Guides hapa nchini huvaa sare zao na kuwakumbuka wenzao walio duniani kote. Wengi wanajua kwamba hiyo ni siku aliyozaliwa Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Wachache wanajua kwamba ndiyo siku aliyozaliwa mkewe pia, na kwamba mama huyo amelala kwa jirani zetu, mjini Nyeri nchini Kenya, katika makaburi ya kanisa la Anglikana la Mtakatifu Petro. Safari hii tumeona vema kuzieleza habari zake, kwa kuwa zinagusa jambo ambalo akina mama wengi wa Shinyanga, Kahama na Geita wanalijua vizuri: kuwa mke wa mtu ambaye kazi yake humwita mbali, kulea watoto, kutumikia watu, na siku moja kubaki peke yako.

Jambo hilo si geni kwetu. Wakati wa Vita ya Kagera, mwaka 1978 na 1979, wako akina mama waliobaki na watoto wakiitegea sikio redio kila jioni, na wako ambao waume zao hawakurudi. Wako pia wale ambao hawajaolewa na askari, lakini hubaki na shamba, ng'ombe na watoto mwezi baada ya mwezi, baba akiwa machimboni anatafuta dhahabu. Basi tusiyasome maisha ya Bibi Olave kama hadithi ya Wazungu wa zamani tu.

Olave Soames alizaliwa mwaka 1889 karibu na mji wa Chesterfield, Uingereza. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watatu. Baba yake alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha bia, na binti huyo hakupelekwa shule, bali walimu walimfundisha nyumbani. Alijua kuogelea, kucheza tenisi na kupiga fidla. Hakupungukiwa na chochote isipokuwa kimoja: kazi ya maana ya kufanya.

Mwezi wa Januari 1912 alisafiri na baba yake kwa meli iitwayo Arcadian kwenda visiwa vya Karibi. Ndani ya meli hiyo alikuwamo Luteni Jenerali Robert Baden-Powell, aliyepata sifa kubwa kwa kuulinda mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ulipozingirwa siku 217 katika miaka ya 1899 na 1900. Alikuwa ameacha jeshi mwaka 1910 ili awatumikie maskauti. Yeye alizaliwa mwaka 1857, hivyo alimzidi binti huyo miaka 32 kamili bila kupungua hata siku moja. Watu walisema mengi juu ya tofauti hiyo ya umri. Hata hivyo wawili hao wakapendana, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wakafunga ndoa kimya kimya, bila kelele za magazeti, katika kanisa la Mtakatifu Petro huko Parkstone. Maskauti wa Uingereza walichanga senti moja moja wakawanunulia motokaa. Fungate yao waliila jangwani Algeria, wakilala katika hema na kupika kwa moto wa kuni. Binti aliyezoea kuhudumiwa na watumishi akajifunza huko kujihudumia.

Mtoto wao wa kwanza, Peter, alizaliwa mwaka 1913, akafuata Heather mwaka 1915 na Betty mwaka 1917. Katikati ya uzazi huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inawaka. Mwishoni mwa mwaka 1915 Bibi Olave aliwaacha watoto kwa bibi yao, Heather akiwa bado mchanga wa miezi michache, akavuka bahari kwenda Calais, Ufaransa. Huko alihudumu katika nyumba ya mapumziko ya askari, akigawa chai na kakao, akiongea na vijana waliotoka katika mahandaki na wale waliokuwa wanaelekea huko. Sisi tunaosoma leo tunaweza kujiuliza kama alifanya haki kumwacha mtoto wa kunyonya. Akina mama wanaotusoma watakuwa na majibu mbalimbali, nasi hatutawaamulia. Tunasema tu kwamba tangu wakati huo mpaka mwisho, wito wa nyumbani na wito wa nje vilivutana ndani yake, wala haikuwa kazi rahisi kuvipatanisha.

Wengine hudhani kwamba alipewa uongozi kwa sababu ya jina la mumewe. Haikuwa hivyo. Girl Guides walikuwa wanaongozwa na Agnes Baden-Powell, dada yake Robert, na mwaka 1914 Bibi Olave alipojitolea kusaidia, alikataliwa. Hakususa. Alianza chini, akajifunza kazi hiyo katika wilaya za Sussex, akatafuta mwanamke wa kuongoza kila mahali, akamtembelea, akamtia moyo, kisha akaenda mahali pengine. Kazi yake ilionekana. Mwaka 1916 akachaguliwa kuwa Kamishna Mkuu, mwaka 1918 akawa Kiongozi Mkuu wa Uingereza, na mwaka 1930 Kiongozi Mkuu wa Girl Guides wa dunia nzima. Mwaka 1932 Mfalme alimpa nishani ya juu kwa utumishi wake. Kwetu Tanganyika kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza mwaka 1928.

Tukirudi nyumbani kwake, mwaka 1919 walihamia nyumba kubwa huko Hampshire, wakaiita Pax Hill, maana yake Kilima cha Amani, kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha. Mwaka huo huo dada yake Auriol alifariki, akaacha mabinti watatu. Bibi Olave na mumewe wakawapokea, na watoto wa nyumba ile wakawa sita. Sisi tulio na desturi ya kuwachukua watoto wa ndugu aliyefariki tunaelewa vema maana ya tendo hilo. Asubuhi na mapema, kabla watoto hawajaamka, alikuwa amekwisha kuketi na mumewe kujibu barua zilizotoka pande zote za dunia, maana ndiye aliyekuwa mwandishi wake. Baada ya hapo ndipo siku ilipoanza.

Lakini hatutaki kumpamba kupita kiasi. Wawili hao walisafiri sana, mara nyingine kwa miezi mingi mfululizo, na watoto walibaki na walezi au katika shule za bweni. Peter, ambaye tangu utoto hakuwa na afya nzuri, alilibeba jina kubwa la baba yake kama mzigo. Jeshini hakufanikiwa kama walivyotumaini, akaenda kuwa polisi Rhodesia ya Kusini. Kadhalika, chama chenyewe kilikuja Afrika pamoja na utawala wa kikoloni. Mahali pengi wasichana weusi walitengwa na weupe, na Afrika Kusini jambo hilo lilileta ugomvi wa muda mrefu. Kilichopandwa kwa namna hiyo kilihitaji kupaliliwa na Waafrika wenyewe, na walifanya hivyo.

Mwaka 1938 jenerali alikuwa mzee wa miaka 81 na moyo wake ulikuwa umechoka. Wakahamia Nyeri, katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, mahali panapouona Mlima Kenya. Hiyo nayo ilikuwa nchi ya Wakikuyu ambamo walowezi walikuwa wamejitwalia mashamba mengi. Nyumba hiyo wakaiita Paxtu, yaani Pax ya pili, kwa matamshi ya Kiingereza. Lakini msomaji wa Kiswahili akilitazama jina hilo huona maana nyingine nzuri zaidi: amani tu. Huko walikaa miaka miwili na kitu, yeye akimwuguza, mzee akichora wanyama na ndege.

Tarehe 8 Januari 1941 Lord Baden-Powell alifariki, akazikwa hapo Nyeri. Juu ya kaburi lake paliwekwa alama ambayo maskauti huichora njiani, duara lenye nukta katikati, ambayo kwao ni ishara kwamba aliyepita hapo amekwisha kwenda nyumbani.

Sasa tumefika mahali ambapo maisha ya Bibi Olave yanasema nasi zaidi. Alikuwa na umri wa miaka 51. Alikuwa katika nchi isiyokuwa yake, vita vya pili vikiendelea, watoto wake watatu wote wakiwa wamekwisha kuoa na kuolewa, na Pax Hill ikiwa imechukuliwa na jeshi. Kwa miaka 28 ratiba ya kila siku yake ilikuwa imefungamana na ya mumewe: barua zake, safari zake, na mwishoni dawa zake. Mwanamke wa namna hiyo akifiwa, watu humwambia apumzike, maana kazi imekwisha. Hata katika mitaa yetu mjane huonwa kama mtu ambaye habari zake zimefungwa siku ya mazishi, na linalobaki ni ugomvi wa mali.

Yeye hakukubali kwamba kazi yake ilikuwa imezikwa pamoja na mumewe. Mwaka 1942 alipanda meli kurudi Uingereza, wakati ambapo manowari za adui zilikuwa zinazamisha meli nyingi baharini. Kwa kuwa hakuwa na nyumba, Mfalme George wa Sita akampa vyumba katika jumba la Hampton Court. Vita vilipokaribia mwisho alianza tena kutembea Ulaya, kati ya miji iliyobomoka, akiwatafuta wasichana na viongozi wao ambao chama chao kilikuwa kimepigwa marufuku na wavamizi. Kutoka hapo hakusimama. Katika maisha yake alifika nchi zaidi ya 100, nyingi kati ya hizo akiwa mjane. Mwaka 1962 mwanawe Peter alifariki, na mama akabeba msiba wa mtoto juu ya ule wa mume. Bado aliendelea. Mwaka 1970 ugonjwa wa kisukari ulipomzidi, madaktari wakamkataza kusafiri, naye akabaki na kalamu, akiandika barua kama zamani zile za Pax Hill.

Alifariki mwezi wa Juni 1977 akiwa na umri wa miaka 88. Majivu yake yakaletwa Nyeri, yakawekwa katika kaburi la mumewe. Walioana katika kanisa la Mtakatifu Petro, na chini ya jina la Mtakatifu Petro wamelala pamoja. Nyumba ya Paxtu imehifadhiwa, na wageni huenda kuiona.

Basi tunajifunza nini? Tumezoea kumwita mwanamke mke wa fulani, kana kwamba yeye ni kivuli cha mumewe na jua likitua naye hupotea. Bibi Olave alikuwa mke wa jenerali na alimpenda mumewe. Lakini miaka ya ndoa ilikuwa 28, na miaka ya ujane ilikuwa 36. Sehemu ndefu zaidi ya utumishi wake ilikuja baada ya kaburi.

Tunawaomba wasomaji wetu wamtazame mjane aliye jirani nao, awe wa askari, wa mchimbaji au wa mkulima. Tusimpelekee pole na unga tu, ingawa hayo ni mema. Tumwulize pia ni kazi gani anayoijua, kisha tumpe nafasi ya kuifanya: katika kamati, katika Umoja wa Akina Mama, shuleni kwa watoto wetu. Na siku wasichana watakapovaa sare zao tena mwezi wa Februari, tuwaeleze kwamba siku ile ni ya watu wawili.