Hemingway na Bahari Yetu Ambayo Hakuiandika

Sisi tunaofundisha lugha katika Bonde la Ufa tuna taabu moja ambayo walimu wenzetu wa Pwani hawaijui. Lugha tunayoifundisha imezaliwa baharini, ilhali wanafunzi wetu wamezaliwa mbali na bahari. Kutoka Nakuru hadi Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Maji tuliyo nayo hapa jirani ni ya namna nyingine kabisa. Ziwa Nakuru, Elmenteita na Bogoria ni maziwa ya magadi. Samaki wadogo wanaoishi katika Ziwa Nakuru walitolewa Magadi na kumwagwa humo katika miaka ya 1950 ili wale viluwiluwi vya mbu, nao kwa bahati yao mbaya wakageuka kuwa kitoweo cha yule ndege aitwaye mwari. (Mwanafunzi aliyezoea maana nyingine ya neno hilo hucheka, na ana haki ya kucheka.) Naivasha na Baringo ni maji baridi, na huko wako wavuvi hodari. Hata hivyo mvuvi wa Naivasha hana haja ya neno kusi wala kaskazi, wala hajui jarife ni wavu wa kutegea samaki gani. Kwake yeye, kama kwa mwanafunzi wa Njoro, nahodha, chubwi, juya na dema ni maneno ya kamusini.

Ndiyo sababu nimechagua leo kusimulia maisha ya mtu ambaye wengi wenu mmemsoma kwa sababu ya hadithi moja ya mvuvi. Mtu huyo ni Ernest Hemingway, na hadithi yenyewe imefasiriwa kwa Kiswahili na Cyprian Tirumanywa kwa jina la Mzee na Bahari. Wanafunzi hupenda kuniuliza iwapo mtu huyu aliyekuja Afrika kuua wanyama anastahili kusomwa na Waafrika. Swali hilo lina uzito, lakini halijibiki kabla maisha yenyewe hayajajulikana. Na katika maisha hayo imo sehemu ambayo walimu wetu aghalabu huiruka, nayo ni siku alizokodi mashua katika pwani yetu ya Kenya na kwenda kuvua.

Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 katika mji wa Oak Park, jimbo la Illinois, nchini Marekani. Baba yake alikuwa daktari aliyependa mwitu na mito kuliko mji, naye ndiye aliyemtia mwanawe ndoana mkononi angali mtoto mdogo. Baba huyo alijiua mwaka 1928, jambo ambalo halikupata kumtoka mwanawe moyoni. Baada ya shule kijana huyo hakwenda chuo kikuu, bali aliajiriwa na gazeti la Kansas City Star, ambako waandishi walitakiwa waandike sentensi fupi na kuepuka mapambo. Wataalamu wa mitindo wameandika mengi juu ya lugha yake. Mimi naona nusu ya siri yake ilikuwa katika kanuni hizo za gazeti. Mwaka 1918 alikwenda Italia kuendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu, na mwezi wa Julai akajeruhiwa vibaya miguuni, kabla hajatimiza miaka kumi na tisa. Baadaye alihamia Paris, akaandika riwaya zilizompatia jina mwaka 1926 na 1929, akamwacha mke wa kwanza, Hadley, akamwoa wa pili, Pauline Pfeiffer, na kuhamia Key West, kisiwa cha kusini mwa Florida. Huko ndiko alikojifunza uvuvi wa bahari kuu.

Safari yake ya kwanza ya Afrika ililipiwa na ami tajiri wa mkewe, aliyetoa dola 25,000, fedha nyingi mno katika miaka ile ya dhiki. Hemingway, Pauline na rafiki yao Charles Thompson walishuka Mombasa Desemba 1933. Aliyewaongoza porini alikuwa Philip Percival, mlowezi wa Machakos, mwindaji ambaye mwaka 1909 alikuwa miongoni mwa waliomsindikiza Theodore Roosevelt. Waliingia Tanganyika, na katikati ya Januari 1934 Hemingway akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, ikabidi aletwe Nairobi kwa ndege. Alipopata nafuu alirudi kuwinda. Kutokana na miezi hiyo alipata kitabu cha uwindaji, Green Hills of Africa, kilichotoka mwaka 1935, na hadithi fupi ya Kilimanjaro iliyochapishwa mwaka 1936.

Mwanaisimu hawezi kuipita hadithi hiyo ya Kilimanjaro kimyakimya. Mwanzoni mwake mwandishi anataja jina la Kimaasai la kilele cha magharibi, lenye maana ya nyumba ya Mungu. Hakulitamka jina hilo hewani: katika Kimaa, enkaji ni nyumba na Enkai ni Mungu, ingawa tahajia yake ingemtia jasho msahihishaji yeyote. Na mtumishi katika hadithi hiyo anaitwa Molo. Wanafunzi wetu wanaotoka Molo, mji usio mbali na hapa, hufurahi sana wanapolikuta jina hilo, kisha furaha hupungua wanapoona kwamba kazi ya Molo ni kuitwa, kuitika na kuleta kinywaji.

Sasa tufike baharini. Uwindaji ulipokwisha, mwezi wa Februari 1934, Hemingway alishuka Malindi pamoja na Percival, na huko wakawa pamoja na Alfred Vanderbilt, kijana wa ukoo wa matajiri wa New York, na Bror Blixen, yule bwana wa Kiswidi aliyekuwa mume wa mwandishi Karen Blixen. Walikwenda kuvua. Msimu ulikuwa wao. Ulikuwa wakati wa kaskazi, upepo uvumao tangu Desemba hadi Machi, ambapo maji ya Malindi hutulia na kuwa safi. Wakati huo sulisuli, yule samaki mwenye pezi la mgongoni lililokunjuka kama tanga, huja karibu na nchi kavu kiasi kwamba mtu huvua huku akiiona minazi. Kusi ikianza, kuanzia Aprili, bahari huchafuka na wenye mashua ndogo hukaa ndani ya mwamba.

Kwa faida ya msomaji wa bara, nieleze kidogo uvuvi huo ulivyo. Wageni hukodi mashua yenye mtambo pamoja na nahodha na mabaharia wake. Hutoka alfajiri, huvuka mlango wa mwamba, kisha mashua huenda polepole ikiburura chambo nyuma yake juu ya maji. Mshipi hushikwa na ufito wenye gurudumu la kuuzongea. Nahodha hatazami ramani; hutazama ndege, rangi ya maji na mahali mkondo unapogongana na mwamba. Karibu na mwamba hupatikana nguru na kolekole. Nje kidogo, fulusi na jodari. Na penye kina, nduwaro, samaki mwenye mdomo kama mkuki ambaye anaweza kupigana na mtu saa nzima na zaidi. Mgeni ndiye ashikaye ufito na ndiye apigwaye picha. Lakini aliyempeleka kwa samaki, aliyefunga chambo na aliyegeuza mashua ili mshipi usikatike ni nahodha. Mimi naamini kwamba mwenye kujua tofauti hiyo atakisoma Mzee na Bahari kwa macho mengine.

Siku hizo za Malindi zilizaa tunda upesi. Hemingway alirejea Marekani mwezi wa Aprili 1934, na kabla ya kufika nyumbani alikwenda Brooklyn kuagiza mashua yake mwenyewe, yenye urefu wa futi 38 na bei ya takriban dola 7,500. Sehemu ya fedha hizo aliikopa kwa mhariri wa jarida la Esquire kwa ahadi ya kumwandikia makala. Mashua hiyo, Pilar, alikuwa nayo hadi kufa kwake. Mwaka 1935 Bror Blixen alimfuata huko Bimini, wakavua pamoja tena. Na mwaka 1936, katika mojawapo ya makala hizo alizokuwa akiandika ili kulipa, Hemingway alisimulia kwa aya moja habari za mvuvi mzee wa Kuba aliyekokotwa na samaki hadi mbali baharini, kisha papa wakamla samaki huyo. Miaka kumi na sita ilipita kabla ya aya hiyo kuwa kitabu.

Miaka ya katikati nitaipita haraka: vita vya Hispania, ndoa ya tatu na ya nne, Vita Vikuu vya Pili, makazi mapya Kuba. Jambo moja tu linatuhusu sisi wa Njoro. Mwaka 1942 alisoma kitabu cha Beryl Markham, mwanamke aliyelelewa hapa Njoro katika shamba la baba yake na ambaye mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza hadi Nova Scotia. Katika barua kwa mhariri wake alikisifu kitabu hicho kupita kiasi, akakiri kwamba mwenzake alimzidi kwa uandishi, na papo hapo akamsema vibaya mwandishi mwenyewe. Barua hiyo ndiyo iliyosababisha kitabu kichapishwe upya mwaka 1983, Beryl akiwa bado hai Nairobi, mzee na hohehahe.

Mzee na Bahari ilitokea Septemba 1952 katika jarida la Life, na zaidi ya nakala milioni tano ziliuzwa kwa siku mbili. Mwaka uliofuata ilipata Tuzo ya Pulitzer. Kilichowashinda wengi kukieleza, na ambacho mimi nakiona wazi, ni heshima aliyowapa wavuvi wa Kuba katika lugha yao. Mzee Santiago anajua kwamba wenzake wazee huiita bahari kwa umbo la kike na vijana wenye mitambo huiita kwa umbo la kiume, na kwake tofauti hiyo ya kisarufi ni tofauti ya mapenzi. Mtu hajifunzi jambo kama hilo kwa kukaa na watalii. Amekaa na wavuvi miaka, akawasikiliza.

Alirudi Kenya mwezi wa Agosti 1953, pamoja na mke wa nne, Mary. Nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Huku mashamba ya Nakuru na Naivasha yakipekuliwa na maelfu ya Wakikuyu wakiondolewa katika Bonde la Ufa, Hemingway alikuwa Kimana, chini ya Kilimanjaro, amepewa cheo cha heshima cha msimamizi wa wanyama. Hapa sina neno la kumtetea. Mtu aliyekwenda Hispania kwa ajili ya uhuru wa wengine alipita katikati ya vita vya uhuru vyetu akiwa upande wa wenye bunduki za serikali.

Tarehe 23 Januari 1954 ndege yake ndogo iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda. Kabla ya siku mbili kupita, ndege ya pili iliyokuja kuwachukua Butiaba iliwaka moto ikiruka. Magazeti ya dunia yalitangaza kwamba amekufa, naye akazisoma tanzia zake. Alikuwa ameumia kichwa, ini, figo na uti wa mgongo. Juu ya hayo, mwezi wa Februari alikwenda Shimoni, kusini mwa Mombasa, kwenye kambi ya uvuvi iliyokuwa imepangwa tangu awali, mahali ambapo Mkondo wa Pemba hupita na nduwaro ni wengi. Mwanawe Patrick alikuwako. Kaskazi ilikuwa nzuri, mashua ilikuwa tayari, lakini siku nyingi hakuweza hata kupanda. Moto wa kichaka ulipozuka karibu na kambi alikwenda kusaidia kuuzima, akaangukia ndani na kuungua miguu, mikono na midomo. Mwezi wa Machi aliondoka Mombasa kwa meli, asirudi tena. Tuzo ya Nobel alipewa Oktoba mwaka huo huo. Hakuwa na afya ya kwenda Stockholm, ikapokewa kwa niaba yake na balozi wa Marekani.

Mwisho wake wanafunzi waambiwe bila kufichwa. Alisumbuliwa na maumivu, ulevi na ugonjwa wa huzuni, akatibiwa hospitalini kwa mishtuko ya umeme, na tarehe 2 Julai 1961 akajiua nyumbani kwake Ketchum, Idaho. Kumficha ni kuwanyima vijana nafasi ya kuuzungumzia ugonjwa ambao hata katika shule zetu unaua.

Sasa nilirudie swali lao. Nasema asomwe, lakini asomwe pamoja na yale aliyoyaacha. Wawindaji na wabeba mizigo aliokuwa nao porini aliwapa kurasa nyingi, wakati mwingine kwa dharau na wakati mwingine kwa mapenzi ya kweli. Wavuvi wa Kuba aliwapa Santiago. Mabaharia wa Malindi na Shimoni waliomtoa nje ya mwamba mara mbili, miaka ishirini ikipita katikati, hakuwapa kitabu. Nao ndio wenye lugha tunayoitahini hapa Nakuru. Mwalimu atakayempeleka mwanafunzi Pwani wakati wa likizo na ampeleke pia kwa nahodha, na daftari mkononi, aandike majina ya samaki, ya pepo na ya sehemu za chombo kabla wenyewe hawajatutoka.

Pilar iko Kuba hadi leo, imewekwa nchi kavu katika ua wa nyumba ya Hemingway nje ya Havana. Aliiachia nahodha wake, Gregorio Fuentes, ambaye aliikabidhi kwa serikali. Fuentes alifariki mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 104, na wageni kutoka pande zote za dunia walikuwa wakimwendea kijijini kwake, Cojímar, kumwuliza bahari ilivyokuwa.