Karani aliyemfanya nzi kuwa nyota wa sinema

FRANK Percy Smith, aliyezaliwa London mwaka wa 1880, alikuwa karani katika Bodi ya Elimu ya Uingereza. Mchana alishughulikia majalada. Baada ya kazi, aliwainamia wadudu kwa kamera yake.

Aliwasihi wakuu wake watumie filamu kufundishia, wakapuuza. Aliyetambua kipaji chake ni mtengenezaji filamu Charles Urban, mzaliwa wa Marekani, aliyevutiwa na picha ya ulimi wa nzi iliyopigwa kwa karibu mno.

Mnamo 1908 Smith alitoa filamu ya nzi anayezungusha vitu kwa miguu. Kumbe hapakuwa na mazingaombwe. Nzi alishikizwa kwa muda mahali pamoja, na kila alipojaribu kutembea, kilichosogea ni kile kilichogusa miguu yake. Waliodai kwamba anatesa wadudu, aliwahakikishia kuwa nzi hao waliachiliwa wakiwa wazima.

Aliacha ukarani mwaka wa 1910. Nyumbani kwake Southgate, kaskazini mwa London, aliunda mitambo kwa sindano za santuri, tambi za mishumaa na vitasa vya milango. Kwa mitambo hiyo alinasa maua yakichanua, na kuanzia 1922 akashiriki katika mfululizo wa filamu za Secrets of Nature. Alifariki mwaka wa 1945.

Anayeahirisha kupiga picha za wadudu hadi apate lenzi ya bei ghali na amkumbuke karani huyu: alianza na alichokuwa nacho, akaongeza subira.