Kinjikitile wa Ngarambe na Kinjeketile wa jukwaani

Jina la Kinjikitile Ngwale si geni kwa Watanzania waliopita shuleni. Hata hivyo, wengi wanamjua kupitia mtu mwingine, yaani Kinjeketile wa tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Hata herufi za jina si zilezile. Mwandishi huyo alitahadharisha mapema kwamba mhusika wake si nakala ya yule wa historia, tahadhari ambayo watazamaji huisahau mara tu mchezo unapoanza.

Kinjikitile wa kweli aliishi Ngarambe, Rufiji. Enzi hizo nchi yote, kuanzia Ruaruke na delta hadi milima ya Umatumbi, ilikuwa chini ya Wajerumani. Watu walilimishwa pamba kwa kiboko, wakalipwa ujira usiotosha hata kodi.

Mwaka 1904, kwa mujibu wa masimulizi ya wazee yaliyokusanywa baadaye na mwanahistoria Gilbert Gwassa, alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akatumbukia bwawani. Ndugu zake walimtafuta bila mafanikio. Alipoibuka siku ya pili, nguo zake zilikuwa kavu. Tangu hapo watu walimiminika Ngarambe kuchukua maji ya dawa, wakiamini kuwa risasi za Mjerumani zingegeuka maji.

Kisichokumbukwa sana ni kwamba aliwataka wasubiri amri yake. Wamatumbi walichoka kusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905 waling'oa pamba huko Nandete, na vita ikaanza.

Hapa ndipo jukwaa na historia vinapoachana. Kinjeketile wa Hussein anaishi hadi kuona watu wake wakianguka kwa risasi, na shaka juu ya maji inamla moyo. Ni sehemu ngumu kuigiza. Mwigizaji anayepaza sauti ya kinabii tangu mwanzo hadi mwisho huipoteza kabisa, maana uzito wake umo katika ukimya.

Kinjikitile wa Ngarambe hakupewa muda huo. Alikamatwa na kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa. Hakuiona Mahenge, ambako tarehe 30 Agosti wapiganaji walikatwa kwa bunduki za rashasha. Wala hakuiona njaa iliyofuata baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala. Wajerumani walihesabu vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Kwenye tamthiliya, mfungwa anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa kwa kuhofia wajukuu watakaoirithi kauli hiyo. Kuhusu Mohoro, inasimuliwa kwamba mhukumiwa aliwaeleza wauaji wake kuwa kumnyonga hakutasaidia kitu, kwa sababu dawa ilikwisha kufika Mahenge na Kilosa.