Padiri Placide Tempels: alikuja Katanga kufundisha, akaanza kuuliza muntu ni nani

Mu Kilwa, kando ya Ziwa Moero, wenye kusema Kibemba wanasema umuntu. Waluba wa upande wa Kamina wanasema muntu. Mu Kiswahili cha Lubumbashi ni muntu ao mutu. Neno ni moja, na watu wanalitumia kila siku bila kulifikiri sana. Lakini kuna padiri mumoja Mubeleji aliyekaa na hilo neno miaka mingi mu Katanga, akatoa kitabu ambacho kilisomwa dunia nzima. Kile kitabu kilimuletea sifa, kikamuletea na matatizo. Mpaka leo wasomi wanakibishania.

Placide Tempels alizaliwa tarehe 18 Februari 1906 mu Berlaar, ku Ubeleji, kwa watu wenye kusema Kiflama. Jina lake la nyumbani lilikuwa Frans. Placide alipewa alipoingia shirika la Wafransiskani. Alipata upadri mu 1930, na mu 1933 akafika Congo, inchi iliyokuwa ingali mu mikono ya Wabeleji. Wakamutuma mu misioni za Katanga.

Miaka ya kwanza alifanya kazi sawa vile wamisionari wengine wa ule wakati. Yeye ndiye mwenye kujua, watu ni wa kusikiliza. Watu walikuja ku katekisimu, wakabatizwa, wakaimba. Lakini mutoto akigonjwa ao mutu akifa gafula, wengi walirudia kwa wazee na kwa muganga. Wamisionari wengine walisema ni upagani tu. Tempels akaanza kujiuliza kama pengine hawa watu wana mawazo yao yenye kusimama sawasawa, yenye yeye bado hajaelewa. Akaacha kujibu, akaanza kuuliza.

Muntu hakai peke yake

Kile alichokielewa kwa Waluba ni hiki: kuishi ni kuwa na nguvu ya uzima. Ile nguvu inaweza kuongezeka, inaweza kupunguka. Muntu hakai peke yake sawa jiwe mu njia. Ameshikamana na baba na mama, na mababu waliokufa, na watoto atakaowazaa, na udongo wa kwao. Baraka ya muzee inamuongezea nguvu, laana inamupunguzia. Ndiyo maana jina si kitu cha kuchezea. Kuna jina la ndani, lile mutu anazaliwa nalo, lenye kuonyesha yeye ni nani mu ukoo. Na kuna jina la Kizungu, ambalo linaweza kuandikwa, kubadilishwa, hata kusahauliwa, bila kumugusa mwenyewe.

Na kujua ni nini? Tempels aliandika kwamba kwa Waluba, kusoma barua ao kuendesha gari ni ufundi tu, haijawa hekima. Mwenye hekima ni yule anayeona namna nguvu za watu na za vitu zinavyogusana. Wa kwanza kujua ni Mungu. Nyuma yake wanakuja mababu, kisha wazee. Mutoto hawezi kujua zaidi ya baba yake, hata kama amepata diploma.

Ile ulizo si ya Afrika peke yake. Ku India, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wenye hekima wa maandiko yanayoitwa Upanishad walitafuta atman, yaani nafsi ya ndani kabisa, na kusema kuijua ndiyo kujua kwa kweli. Wafuasi wa Budha wakakataa: kwao hakuna nafsi moja yenye kudumu. Wahindi walibishana juu ya hayo mambo karne nyingi, na majina ya waalimu wao yameandikwa. Wazee wa Katanga nao walikuwa na jibu lao, lakini majina yao hayakuandikwa mu kitabu.

Kitabu na adhabu

Tempels aliandika mu Kiflama. Mwanasheria Antoine Rubbens akatafsiri mu Kifransa, na mu 1945 kitabu La philosophie bantoue kikatoka mu Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Ilikuwa miaka ine tu tangu Desemba 1941, wakati askari walipiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma juu ya mushahara mu muji uleule. Kusema wakati ule kwamba mutu mweusi ana filozofia yake ilikuwa neno zito.

Mukubwa wa Kanisa mu Katanga, Askofu Jean-Félix de Hemptinne, alikipinga kwa nguvu. Mu 1946 Tempels alirudia Ubeleji, akakaa kule mpaka 1949. Mwaka uleule wa 1949, Présence Africaine ya Paris ilitoa kitabu upya, na wasomi weusi wengi wakakipokea kwa furaha.

Si wote. Aimé Césaire wa Martinique alionyesha hatari yake: mukoloni anaweza kusifu filozofia ya mufanyakazi huku akimunyima mushahara na chakula. Padiri Alexis Kagame wa Rwanda, mu 1956, alitoa kitabu chake mwenyewe, akianzia ku luga yake ya Kinyarwanda. Na mu miaka ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin aliuliza neno gumu: nani alimupa Tempels ruhusa ya kusema kwa jina la Wabantu wote? Aliishi na Waluba, lakini kitabu kinasema Bantu. Mutu wa Kilwa, wa Kasenga ao wa Bukavu hakuulizwa.

Kolwezi, mu kambi za wafanyakazi

Jibu moja Tempels alilitoa kwa matendo. Tangu 1953 alikuwa Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao. Pale ndipo Jamaa ilizaliwa. Bwana na bibi waliingia pamoja, wakaitana baba na mama, wakapitia njia tatu za mafundisho. Mafundisho yalikuwa mu Kiswahili, na yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mara hii haikuwa padiri anayeandika juu ya watu. Watu wenyewe walifundishana, na padiri alikaa kati yao, baba kati ya wababa.

Jamaa ikaenea haraka mu miji ya migodi, na wakubwa wa Kanisa wakaanza kuiogopa. Mu 1962 Tempels aliacha Congo, na hakurudia. Alifariki tarehe 9 Oktoba 1977 mu Hasselt, ku Ubeleji. Alikuwa na miaka 71.

Kitabu chake kinaendelea kusomwa ku univerisite, na Jamaa ingali na watu wake mu Katanga. Kile ambacho hakipatikane tena ni sauti ya wale wazee waliomujibu. Tempels aliuliza wachache, mu kona moja ya Katanga, na dunia ikashangaa. Wazee wa kando ya Moero, wenye kujua maana ya umuntu mu luga yao, wanazidi kupunguka kila mwaka, na wengi wao hakuna mutu aliyewauliza.