Maisha ya Augustino, Askofu wa Hipo



Mara nyingi tunasikia waamini wakibishana. Huyu anasema tumeokolewa kwa neema, basi kufunga na kukesha ni kwa nini? Yule anahesabu siku alizofunga kama mwenye duka anavyohesabu franga zake jioni. Ndiyo sababu tumependa kuwaletea maisha ya Augustino, mzee wetu katika imani, Mwafrika.

Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Algeria ya leo. Baba yake alikuwa mpagani, akabatizwa karibu na kufa. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa maombi. Kijana alikuwa na akili kali, akawa mwalimu wa ufundi wa kusema mbele ya watu. Lakini aliishi na mwanamke bila ndoa, wakazaa mtoto, Adeodato. Tena kwa miaka tisa hivi alifuata mafundisho ya Mani. Mwaka 383, akitaka kwenda Roma, alimdanganya mama yake bandarini, akasafiri usiku mama akiwa katika sala. Monika akamfuata mpaka Milano!

Huko Milano, kwa mahubiri ya Askofu Ambrosio, alikwisha kuifahamu kweli, lakini kuacha tamaa za mwili hakuweza. Akaazimia, akashindwa; akaazimia tena, akashindwa tena. Mwaka 386 alijitupa chini ya mtini akilia, akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikirudia kwamba achukue na kusoma. Akafungua Waraka kwa Waroma, sura ya 13, na kile kifungo kikakatika. Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa pamoja na mwanawe. Monika alifariki mwaka ule ule, macho yake yakiwa yamekwisha kuona.

Mtu aliyepita njia hiyo atasemaje kwamba alijiokoa? Kwa hiyo mtawa Pelagio, mwenyeji wa Uingereza, alipofundisha kwamba mtu anaweza kutimiza amri za Mungu kwa nguvu alizozaliwa nazo, Augustino, sasa askofu, alimpinga kwa vitabu vingi. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika waliokutanika Karthago walikataa fundisho hilo. Tuseme haki: Pelagio alichukizwa na ulegevu wa Wakristo wa Roma, na sisi mashemasi tunamwelewa kidogo.

Lakini karibu na mwaka 426 watawa wa Hadrumeto, katika Tunisia ya leo, waligombana kwa sababu ya maandishi ya Augustino. Wengine walidai kwamba, kama yote ni neema, mkubwa wao asiwakemee tena, awaombee tu. Augustino hakukubali. Aliwajibu kwa vitabu viwili: Mungu hutumia hata karipio, na neema hailazi mtu, bali humpa utashi na nguvu ya kutenda. Sisi tungesema hivi: kiwete aliyeponywa hatembei ili apone, anatembea kwa kuwa amepona.

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hipo. Augustino alikuwa na miaka 75, homa ikamlaza. Akaomba zaburi za toba za Daudi ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake. Siku kumi hivi hakutaka wageni, ila matabibu na waliomletea chakula. Askofu wa zaidi ya miaka 30 alilala akizisoma zaburi zile, akilia bila kunyamaza. Alifariki tarehe 28 Agosti. Hakuandika wasia, maana hakuwa na mali ya kuacha.