Shaaban Robert: karani wa Tanga aliyejua anamwandikia nani

Msikilizaji wetu, ukitaka kujifunza kuandika ukaeleweka, mwalimu huna haja ya kumtafuta mbali. Alizaliwa Vibambani, Machui, upande huu wetu wa kusini mwa mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Jina lake Shaaban Robert.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha. Ukarani ulimpeleka Pangani, ukamfikisha Mpwapwa, ukamrudisha Tanga. Saa za kazi aliandika ya ofisi. Ya kwake aliyaandika katika muda uliobaki.

Sauti yake aliipata wapi? Tazama watu aliowaandikia. Kwa miaka mingi alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge. Barua hizo, za 1931 hadi 1958, zimekusanywa kuwa kitabu. Alipofiwa na mkewe Amina, alitunga shairi la kumlilia. Binti yake Mwanjaa alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman akamtungia Utenzi wa Adili, wapate maneno ya mzazi ya kuwaongoza maishani. Mtu anayemuusia mwanawe hana haja ya kujionyesha kwa maneno. Anataka mtoto aelewe, akumbuke, afuate. Tenzi hizo ziliandikiwa watoto wawili, zikawafaa maelfu.

Lakini kulikuwa na mazito zaidi ya kusema. Mtumishi wa serikali ya kikoloni angeisemaje dhuluma bila kujiponza? Mwaka 1951 kikatoka kitabu chake Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea angani. Humo Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na mshtaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Karama anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya kwingine, wakarudi nayo, wakafungwa. Tanganyika haikutajwa, Mwingereza hakutajwa. Hata hivyo, msomaji akilisikia jina Majivuno tu, amekwisha kumjua mtu huyo. Mwandishi alificha nchi. Dhuluma aliiweka peupe.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya Uhuru, akazikwa Machui. Baadhi ya vitabu vyake, kama Kufikirika, vilichapishwa baada ya kifo chake.

Basi wewe unayeandika malalamiko ya shamba kwa serikali ya kijiji, au ujumbe wa simu kwa mdogo wako aliye mbali, jiulize kwanza: namwandikia nani, na nataka afanye nini? Kisha mwandikie kana kwamba mmeketi naye barazani. Ukimaliza, jisomee kwa sauti. Utakapokwama wewe, naye atakwama hapo hapo.